Ndoo ya Ghorofa ya Chini

Mama aliketi kwenye kigoda mbele ya televisheni, akafuta viganja kwenye aproni, mbele na nyuma, kama mtu anayekwenda kupokea mtoto mchanga, kisha akanyoosha mikono apewe pedi ya gemu. Binti yake akampa, akarudi kuketi nyuma yake kidogo, pembeni, mahali ambapo aliweza kuiona mikono ya mama na kioo kwa pamoja.

“Nianze, Hakimu?”

“Anza, Mama. Mimi sipo.”

Ndivyo walivyofanya kazi. Binti alikuwa mhakiki wa michezo ya video katika tovuti moja ya Kiswahili. Mchezo mpya ukitoka, aliucheza mpaka mwisho, akaueleza kwa maneno yake, akaupa alama kati ya kumi; ndiyo maana nyumbani walimwita Hakimu. Kazi hiyo hakufundishwa na mtu; aliiokoteza hapa na pale, na mapema tu aligundua kwamba wahakiki ni watu wabovu wa kupima mwanzo wa mchezo. Wamecheza mingi mno. Vidole vyao vinajua njia kabla macho hayajaiona. Basi akawa anamkalisha mama yake kwanza, dobi aliyezeeka na pasi ya mkaa mkononi, amtembeze yule mtu wa kwenye kioo mwanzo mwanzo. Mama akikwama, binti hasemi. Mama akiuliza, binti hajibu. Mama akisema “basi, nimechoka na huyu mtu wenu,” hapo ndipo pedi hubadilisha mikono. Wasomaji waliizoea desturi hiyo hata wakawa hawasubiri uhakiki wenyewe. Tangazo likitoka tu, wanaandika chini yake: Mama kasemaje?

Safari hii palikuwa na tatizo, na tatizo lenyewe lilikuwa limejibanza jikoni pamoja na mkewe, mlango umeegeshwa, likisikiliza kila mlio.

Huyo alikuwa Kitinda, mtoto wa mwisho wa nyumba ile. Kampuni ndogo aliyofanyia kazi ilikuwa imetoa mchezo wake wa kwanza, Jengo Lisilo na Lifti. Mchezaji ni bawabu wa jengo refu ambalo lifti yake imekufa, na kazi yake ni kuwapandishia wapangaji vitu vyao kwa ngazi: mizigo, maji, barua, hata salamu. Kitinda ndiye aliyetengeneza sehemu ya kwanza kabisa, ile inayomfundisha mgeni namna ya kutembea, kushika na kufungua. Mfadhili wa kampuni alikuwa ametoa neno moja tu. Wastani wa alama za wahakiki ukifika nane, atalipia sehemu ya pili na mikataba ya vijana itaongezwa. Usipofika, kila mtu ashike njia yake. Wahakiki watatu walikwisha kusema, na alama zao, kwa wastani, zilisimama kwenye nane pasipo ziada. Lakini jedwali kubwa la alama, lile ambalo wafadhili wote hulitazama, halitoi wastani mpaka wahakiki wawe wanne. Wa nne alikuwa Hakimu.

Alikuwa amejaribu kujitoa. “Ni mdogo wangu, tumbo moja,” alimwambia mhariri kwenye simu.

“Andika hivyo hivyo, juu kabisa, kila mtu asome,” mhariri alijibu. “Nimetafuta mwingine, sina. Na ukikataa, wastani hautoki, na mchezo usio na wastani kwao ni kama haukuzaliwa. Sasa chagua mwenyewe utamuumiza kwa njia ipi.”

Kwa hiyo aliukubali. Na nyumbani kila mtu alijua kilichokuwa kwenye mizani. Mke wa Kitinda, ambaye tumbo lake lilikuwa limeanza kumtangulia mlangoni, alikuwa ameshaona vyumba viwili mtaa wa pili, vyenye mlango wao wenyewe. Mapazia alikwisha kuyanunua. Mama alikwisha kuyafua na kuyapiga pasi.

Mchezo ulianza gizani, kwenye ukumbi wa ghorofa ya chini. Hakimu aliukumbuka ukumbi ule vizuri, maana ulikuwa umemmeza. Siku alipoucheza peke yake alipapasa kuta, akajaribu kila mlango, akagonga lifti iliyokufa, akarudi alikotoka, mpaka akaanza kujitukana. Mwishowe aliupata ufunguo wa ngazi ndani ya ndoo ya rangi, moja kati ya ndoo nyingi zilizopangwa ukutani, isiyotofautiana na wenzake kwa lolote. Alidhani ubovu ni wake. Labda nimechoka, alijiambia. Tutaona kwa Mama.

Mama hakupapasa. Alimpeleka bawabu moja kwa moja hadi ukutani, akapita ndoo ya kwanza, akapita ya pili, akainama kwenye iliyofuata, akachukua ufunguo kama mtu anayetoa kijiko kwenye kabati lake.

Hakimu alijikuta amesogea mbele mpaka kiti kikalia. Kuna kitu mle ambacho yeye hakukiona. Mwanga? Sauti? Rangi ya sakafu? Moyo ulimwenda mbio kwa furaha ya kutojua. Ndiyo furaha iliyomwingiza kwenye kazi hii. Kule jikoni kijiko kilianguka na mtu akazuia kicheko.

Bawabu akapanda ngazi. Mama akamsalimia mwanamke mwenye ndoo ya maji, akambebea, akapewa asante, akapanda tena. Mikono ilikwenda vizuri. Alipofika mbele ya mlango wa kijani, Mama akatikisa kichwa, akicheka peke yake.

“Mzee wa hapa usimjibu haraka haraka. Ana maneno huyo!”

Mlango wa kijani ulikuwa umefungwa. Hakuna mzee yeyote aliyekuwa ametokea.

Vidole vya Mama vikasimama juu ya pedi.

“Yaani nahisi tu,” Mama akasema taratibu. “Basi, nimechoka na huyu mtu wenu.”

* * *

Hakimu hakuwa mtu wa kurukia maneno. Alikunywa chai aliyoletewa na wifi yake, akamshukuru, akaambiwa “karibu” kwa sauti ya mtu anayesubiri mshahara. Kisha akaufungua tena mchezo, akampandisha bawabu hadi mlango wa kijani, akaongeza sauti mpaka mwisho na kutega sikio. Huenda mzee alikohoa ndani. Huenda alisikika akigomba na redio. Alisikiliza kwa muda mrefu. Nyuma ya mlango hapakuwa na pumzi.

Alirudi ukumbini, akaziangalia ndoo moja moja, karibu na kwa mbali, akikodoa macho, kisha akiyafumba nusu ili aone kama mtu asiyeona vizuri. Ndoo zilikuwa ndoo.

Alikuwa bado amekodoa pale mteja wa Mama alipopiga hodi. Alikuwa karani wa ofisi fulani, mtu wa mashati meupe, na shati moja alikuwa amelishika mkononi kama samaki aliyeoza.

“Mama hayupo?”

“Yupo uani, anaanika. Nikusaidie?”

“Nimelirudisha. Ona mkunjo huu mgongoni. Nimekaa nalo mkutanoni, bosi ananitazama kama nimelala nalo.” Akachungulia televisheni, akatikisa kichwa. “Ndiyo hili hili gemu. Juzi nimekuja namkuta Bibi wa watu amelishikia bango, ngazi juu, ngazi chini, shati langu liko mezani linamwangalia. Namwambia, Bibi, na uzee huu umeanza utoto? Ananiambia, subiri nimpelekee huyu mzee maji yake kwanza.”

“Juzi?”

“Juzi, na siku moja kabla. Kwani hukujua? Basi mimi sijasema kitu.”

Aliliacha shati kwenye kiti akaondoka na maneno yake yakabaki. Hakimu alilikunjua lile shati. Mkunjo ulikuwepo kweli, mrefu, kutoka bega hadi kiunoni. Katika miaka yote ya Mama na pasi, hakuwahi kuona shati likirudi.

* * *

“Nilifua kabla ya ukaguzi,” Mama alisema.

Alikuwa uani kati ya mashuka, vibanio mdomoni, na alikubali upesi kuliko Hakimu alivyotarajia.

“Mama, lakini unajua nakuweka pale kwa sababu gani.”

“Najua sana. Ndiyo maana nikafanya.” Akatoa vibanio mdomoni aseme vizuri. “Wewe niambie. Mtoto wako anaitwa kusimama mbele ya watu wamtazame, utampeleka na shati chafu? Nilisema nijifunze kidogo, nisije nikamwaibisha. Niking’ang’ania gizani kama kipofu, mtasema mwanangu hajui kazi. Kumbe asiyejua ni mimi.”

“Kwa hiyo siku ya kwanza ulikwama.”

“Nilizunguka kidogo.”

“Ukumbini?”

“Kidogo, nimesema. Nikamwita Kitinda mwenyewe akanionyesha.” Akalivuta shuka, akalinyoosha pembe kwa pembe. “Baada ya hapo, mwanangu, raha tupu. Wale watu wanakumbuka! Ukimsalimia yule mama leo, kesho anakuita kwa jina la kazi. Ukimpita, anakununia. Mimi nimefika juu kabisa, mpaka ulipofika wewe. Lakini kuna kitu kinanisumbua.”

“Kitu gani?”

“Yule bawabu analala wapi? Nimefungua milango yote. Kila mtu ana kitanda ila yeye.”

Hakimu alikuwa amemaliza mchezo na kujaza kurasa za maelezo. Swali hilo hakuwa ameliuliza. Walisimama kidogo kati ya mashuka, wakiwaza wote wawili usingizi wa mtu asiyekuwepo, hata hasira ikasahau ilipokuwa.

* * *

Kitinda alimkuta dada yake chumbani, kompyuta imefunguliwa na ukurasa mtupu. Hakuketi.

“Mama ameniambia. Usimgombeze.”

“Sijamgombeza. Nataka kukuuliza wewe. Ulipomwona amekwama pale kwenye ndoo, uliwaza nini?”

“Niliwaza nini? Mama ni mtu mzima, dada. Hajawahi hata kutuma picha kwa simu bila kumwita mtu.”

“Ndiyo maana namkalisha pale. Na mimi nilikwama pia.”

Hilo lilimgusa. Akashika mgongo wa kiti. “Wewe?”

“Nilikwama sana. Nikadhani ni uchovu. Wale wenzangu watatu hawakusema?”

“Mmoja aligusia. Tukasema hapendi giza.” Akashusha sauti. “Sikiliza. Mimi sikuombi tisa. Nane tu. Wengine wamempa nane mtu wasiyemjua, wewe unashindwa kumpa ndugu yako? Mchezo ni mzuri. Umesema mwenyewe ulicheka, ukarudia ghorofa nzima bila kulazimishwa.”

“Ni mzuri. Nimeupenda.”

“Sasa?”

Hakimu alijaribu kumweleza kama alivyojieleza mwenyewe kila mara. Nane, kwake, ni mchezo ambao angempa mtu asiyemjua, akamwacha nao, akaenda zake. Saba ni mchezo ambao angempa mtu huyo huyo, lakini akiwa amefika mlangoni angegeuka amwambie neno moja la kumtahadharisha. Hakuwa na kipimo kingine. Kwa kila mchezo alijiona amesimama mlangoni, akijisikiliza kama atageuka.

“Na kwangu umegeuka,” Kitinda alisema.

“Nimemwambia, ufunguo uko kwenye ndoo.”

“Ndoo moja!” Sauti ikampanda. “Watu wamefanya kazi mwaka mzima, wewe unashika ndoo moja!”

Mkewe alikuwa amefika mlangoni, mkono kiunoni. Hakuwa mtu wa makelele. “Mwache, baba watoto. Wahenga walishasema, kikulacho ki nguoni mwako. Tena nguo yenyewe imepigwa pasi humu humu ndani.”

“Wifi, mimi sijaandika bado.”

“Andika, wifi. Andika. Wewe mlango unao, huu hapa, unaufunga ukitaka. Mimi na mtoto wangu tutaendelea kupishana jikoni.”

Waliondoka, na Hakimu hakuufunga mlango. Aliona haya kuufunga. Alikaa akiutazama ukurasa, akaandika nane, akaiangalia kama inavyoangaliwa nguo ya dukani. Ilikuwa nzuri. Isingemdhuru mtu. Halafu akamfikiria mtu mmoja asiyemjua, amerudi kazini amechoka, amenunua mchezo kwa pesa ya kujinyima, anapapasa ukuta ule gizani na kujiita mjinga. Mtu huyo alimsumbua, kwa sababu alipomtazama vizuri alikuwa na aproni.

* * *

Aliandika juu kabisa kwamba sehemu ya kwanza ya mchezo ilitengenezwa na mdogo wake, na kwamba asomaye apunguze au aongeze anavyoona inafaa. Aliandika kwamba tangu aanze kazi hajaona wapangaji wanaokumbuka salamu kama wale. Aliandika kwamba ukumbi wa ghorofa ya chini unamwadhibu mgeni kwa kosa ambalo hakulifanya. Kuhusu Mama aliandika ukweli pia: safari hii hakuweza kuwa kipimo, kwa kuwa alijifunza kwanza, naye ni mama wa aliyetengeneza. Akaongeza swali lake kuhusu kitanda cha bawabu. Chini akaweka saba.

Wasomaji walifanya yao. Mmoja alisema huyu dada ana roho ya jiwe. Mwingine akasema ni ujanja wa familia, saba ya kujifanya waadilifu. Wa tatu akaandika, “Mchezo saba, Mama kumi,” na huyo akapigiwa makofi kuliko wote. Watu kadhaa, bila kelele, walishukuru kuhusu ndoo. Walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Jedwali kubwa likatoa wastani wake, chini ya nane kwa kiasi kidogo hivi kwamba ukilitazama haraka unaweza kuona nane. Mfadhili hakutazama haraka.

Wifi alikunja mapazia, akayatia kwenye mfuko wa plastiki, akaupandisha juu ya kabati. Kwa kuwa kabati lilikuwa refu, Hakimu akaenda kumsaidia, na wifi akamwachia asaidie bila kumtazama. Mama naye alinuna. Akimpa Hakimu chakula, alikiweka mezani na kusema “chakula hicho,” kama anayezungumza na meza. Siku ya pili ya kununa alitamka, akiwa amempa mgongo, “Mchelea mwana kulia hulia yeye. Haya, nimechelea, nimelia. Wewe usiyechelea, umepata nini?”

Kitinda alirudi siku ya kazi, jua likiwa bado utosini, na mkoba uliojaa vitu vya meza yake ya kazini: kikombe, waya, sweta la kuvaa kwenye baridi ya kiyoyozi. Aliviweka sakafuni, akaketi karibu na meza ya pasi. Mama alikuwa anarudia lile shati la karani. Hakimu alikuwa upande wa pili, anakunja.

“Mama.”

“Naam, baba.”

“Siku ile, pale chini, kabla hujaniita. Ulizunguka kwa muda gani?”

“Nilishasema. Kidogo.”

“Kidogo kama nini?”

Mama alipitisha pasi kwenye kola, akaigeuza kola, akaipitisha tena.

“Nilikuwa nimetoka kutia makaa mapya,” Mama alisema. “Nikasema nicheze kidogo, yashike moto. Nilipokuita yalikuwa majivu.”

Kitinda aliitazama ile pasi. Alikua nayo chumba kimoja. Alijua makaa yake yanachukua muda gani kufa.

“Wakati wote huo uko mle ukumbini?”

“Ningekwenda wapi? Si palikuwa giza.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ulikuja mbio unacheka. ‘Mama umefika ukumbini kwangu!’ Ukanishika mkono, ukanionyesha, tukacheka wote. Sasa pale niseme nini? Niseme mwanangu, humu mwako nimeteseka?”

Kitinda alijifuta uso kwa kiganja, mara moja, kutoka juu kwenda chini. Kisha akainuka, akaenda akawasha televisheni, akasogeza kigoda mahali pake.

“Njoo unionyeshe ulikopita.”

“Ah, nimeshajua ndoo iliko. Itakuwa uongo tena.”

“Ndoo achana nayo. Nionyeshe kule kwingine kote.”

Mama alimtazama, akamtazama Hakimu, kwa mara ya kwanza tangu alama itoke. Aliiweka pasi kwenye kibao chake, akafuta viganja, akaketi. Ukumbi ukatokea. Kitinda hakukaa kwenye kochi. Alichuchumaa chini kabisa, usawa wa bega la mama yake.

“Kwanza nilikuja huku,” Mama alisema. “Niliona hiki cheupe nikadhani ni dirisha. Nikasema nitoke nje nikaulize watu.”

“Hiyo ni taa ya lifti.”

“Kwani lifti si imekufa?”

Kitinda aliiangalia tena ile taa. Mkewe alikuwa ametokea jikoni, kitambaa mkononi, ameegemea mwimo wa mlango. “Hata mimi ningedhani dirisha,” alisema, kama anayeungama jambo dogo.

“Halafu?” Kitinda akauliza.

“Halafu nikarudi hivi, nikafuata ukuta. Nikafika hapa, nikapiga hodi.”

“Hapo? Huo ni ukuta, Mama.”

“Wewe unajua ni ukuta. Umeujenga.”

Alikaa akiutazama ule ukuta wake, karibu sana na kioo, kichwa ameinamisha kama mtu anayesoma maandishi madogo. Alikuwa ameutengeneza kwa miezi, na ilionekana wazi hakuwahi kuuona.

“Piga tena,” alisema. “Piga hodi kama ulivyopiga siku ile.”